Aliyefika Uhuru anakwamaje Dolma La? (Hija ya Kailash na ziwa Manasarovar)

#1 Mwana wa Mawenzi
Wakuu salaam.
Naleta hoja, wanaojua waichambue. Njia ya kuuzunguka mlima Kailash, Tibet magharibi, ni kilomita 52. Sehemu yake ya juu kabisa, pito la Dolma La, ipo mita 5,630 hivi. Uhuru ni 5,895. Kule hupandi kilele, unauzunguka mlima tu kwa siku tatu, mizigo inabebwa na yaki na farasi wa kukodi wapo. Kwa hesabu ya karatasi, mtu aliyemaliza Kilimanjaro angepita pale anapiga mluzi.
Lakini vikundi vya hija, wakiwemo Wahindu na Wajaini wa Nairobi, Mombasa, Dar na Arusha, huacha watu Darchen, mji wa kuanzia, au kuwarudisha kutoka Dirapuk, kituo cha kulala usiku wa kwanza, na wengine kati yao Kilimanjaro walishaimaliza. Tatizo ni nini hasa? Umri, chakula, ratiba, au mlima wenyewe?

#2 Kiti Moto cha Kijiwe
Naweka kambi. Wajuzi waje.

#3 Mgumu Mstaafu
Mleta mada unalinganisha vilele, linganisha sehemu za kulala. Kilimanjaro kwa njia ya Machame unalala Barafu, mita 4,673, tena hulali hata usiku mzima. Unaondoka usiku wa manane, unagusa Uhuru alfajiri, na jioni ileile uko kambi ya Mweka, mita 3,100. Mwili hauna muda wa kuharibika.
Kailash haina Mweka. Unalala ziwani Manasarovar karibu mita 4,590, Darchen hivyohivyo, Dirapuk karibu 5,000, Zutulpuk (usiku wa pili wa kuuzunguka mlima) karibu 4,800, halafu Darchen tena. Usiku tano au sita hujashuka chini ya 4,500. Usingizi unakatika, hamu ya kula inakufa, na siku ya pito mtu anaanza kutembea akiwa tayari na deni.

#4 Jirani wa Parklands
#3 yuko sawa lakini ameanzia katikati. Mambo huharibika kabla hata ya kuuona mlima. Wengi wanapitia Nepal: Kathmandu mita 1,400, mpaka wa Rasuwagadhi, mji wa Kerung karibu 2,800, halafu basi hadi Saga, karibu 4,450. Kerung hadi Saga ni siku moja, umekaa kwenye kiti unakula biskuti. Kanuni ya madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 za kulala kwa siku, na kila siku tatu au nne upumzike moja. Hapo umeongeza zaidi ya 1,600 kwa mkupuo. Ratiba nzuri hulaza watu Kerung usiku mbili na kuwatembeza kilimani mchana. Ratiba ya bei poa hukata usiku mmoja, na hapo ndipo bei ilipopungua.
Wa helikopta ndio usiseme. Nepalgunj ipo mita 150 tu, joto kama Tanga. Unaruka hadi Simikot, 2,900. Unaruka tena hadi Hilsa, 3,640, unavuka daraja kwa miguu, gari hadi Purang, 3,900, na ziwani 4,590. Ukungu ukifunga Simikot watu hukaa pale siku mbili wakilalamika, kumbe zile ndizo siku za kuzoea walizopewa bure. Kibaya ni kwamba mwenye kampuni akishapoteza siku mbili anazifidia kwa kufuta mapumziko ya Purang.

#5 daktari_mtaa_wa_pili
Naongezea upande wa dawa, maana hapa watu huchanganya.
Asetazolamidi (wengi mnaijua kama Diamox) ya kinga ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole kuwasha, soda kupoteza ladha na kukojoa sana ni kawaida yake. Mwenye mzio wa dawa za salfa amwone daktari kwanza, na aijaribu nyumbani, asiijaribie Saga. Haitibu maji ya mapafu, na haimpi mtu ruhusa ya kuendelea kupanda huku kichwa kinapasuka.
Dalili za kurudisha mtu bila mjadala ni hizi. Mwambie atembee mstari mnyoofu kisigino kikigusa kidole: akiyumba kama mlevi, ubongo umevimba. Akikosa pumzi akiwa amekaa kimya, kifua kinakoroma au anakohoa povu la waridi, mapafu yamejaa maji. La kwanza huanziwa deksamethasoni, la pili oksijeni na nifedipini, na yote mawili kushuka, hata kama ni usiku.
Kile kimashine cha kubana kidole kupima oksijeni ya damu kisiabudiwe. Kwenye 5,000 namba za 80 hivi ni za kawaida, na kidole cha baridi hudanganya. Mwangalie mtu kwanza.

#6 Nyundo ya Baridi
Mnazunguka mbuyu. Mteja wa Kilimanjaro mara nyingi ni kijana aliyefanya mazoezi miezi mitatu. Hujaji wa Kailash ni mzee wa miaka 65 mwenye presha na sukari, aliyesubiri watoto wamalize chuo ndipo aende. Ongeza na mfungo: wapo wanaokula matunda na chai tu kwa sababu ni safari ya ibada. Hapo hata bila lile basi la Saga utaanguka. Serikali ya India inalijua hilo, ndiyo maana hija yake inataka umri wa miaka 18 hadi 70 na uwiano wa uzito na urefu usiozidi 25. Unapimwa Delhi, halafu unapimwa tena Gunji, kituo cha njiani milimani, ukiwa umeshapanda, na pale hurudishwa hata mtu aliyelipa kila kitu.

#7 Jirani wa Parklands
#6, hija hiyo ya serikali ni ya wenye pasipoti ya India tu. Mhindu wa Ngara au Upanga mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uingereza haimhusu, atapitia kampuni binafsi kwa njia ya Nepal au Lhasa. Na kule mchujo ni fomu unayojaza mwenyewe.
Pia ilisimama tangu 2020, ikarudi 2025 na mahujaji 750: makundi 5 ya watu 50 kupitia pito la Lipulekh na 10 kupitia pito la Nathu La.

#8 Mchongo wa Viza
Kwa pasipoti ya Tanzania utaratibu ukoje? Naenda mwenyewe na begi langu au lazima kikundi?

#9 Jirani wa Parklands
Mwenyewe haiwezekani. Mgeni haruhusiwi kuzurura Tibet bila kampuni yenye leseni, muongozaji na gari lililopangwa. Ukipitia Nepal, viza ya China ni karatasi moja ya kikundi inayotolewa Kathmandu, majina yote juu yake. Matokeo yake: mnaingia pamoja na kutoka pamoja. Mmoja akiugua na kutaka kurudi mapema, karatasi lazima igawanywe, na hiyo ni kazi ya ofisi wakati mtu anahema. Mwambieni mwenye kampuni aandike tangu mwanzo nani anafuatana na nani, mume na mke wasiwe karatasi mbili.
Juu ya viza kuna kibali cha Tibet, na kwa eneo la Ngari, uliko Kailash, kuna vibali vya polisi na vya jeshi. Wanahabari na wanadiplomasia wasipoteze muda na njia hii ya kitalii. Kwa kawaida Februari hadi mwisho wa Machi Tibet hufungwa kwa wageni. Na mpakani wanapekua: picha ya Dalai Lama, hata iliyo ndani ya kitabu cha mwongozo au kwenye simu, inaweza kukurudisha.

#10 Mama wa Jiko la Kuni
Mmesahau tumbo. Ziwani maji huchemka kwenye nyuzi 85 hivi. Yanatokota vizuri, lakini wali unabaki na kiini na dengu zinakuwa changarawe. Maharage bila presha kuka utayapika mpaka mwaka wa Mbuzi. Vikundi vya hija husafiri na wapishi wao, na mpishi akisahau mpira wa mfuniko wa presha kuka, basi mmekwisha, kikundi kizima kinaharisha dengu mbichi siku mbili kabla ya pito.
Kosa jingine ni samli. Hamu ya kula ikipotea, mtu anawekewa puri na mboga ya mafuta eti apate nguvu. Tumbo kwenye 5,000 linasaga mafuta kwa shida. Uji, viazi vya kuchemsha, supu ya chumvi na chai ya tangawizi vinapita. Maji lita tatu kwa siku, kwenye chupa ya chai, kwa sababu chupa ya plastiki ikilala nje asubuhi ni barafu.

#11 Kiti Moto cha Kijiwe
Uzi wa hija umeshakuwa uzi wa maharage 😂

#12 Mgumu Mstaafu
Maharage yamerudisha watu wengi kuliko theluji, usicheke.

#13 Fimbo Mbili
Ngoja niweke njia yenyewe hatua kwa hatua ili tuongee tukiona kitu kimoja.
Siku ya kwanza. Kutoka Darchen gari hufika Tarboche, penye mlingoti mkubwa wa bendera za sala, na Yama Dwar, lango la Yama, mungu wa kifo. Kutoka hapo ni kilomita 12 hivi za bonde la mto, kupanda ni kidogokidogo, kuta za mawe mekundu pande zote. Hii ndiyo siku inayodanganya, watu wanakimbia kwa sababu ni tambarare. Dirapuk unaona uso wa kaskazini wa Kailash mzima, ukuta mweusi wenye mistari ya theluji. Wengi humalizia nguvu zao jioni ile kwa kusogelea ukuta ili wapige picha. Msiende. Kunyweni supu mlale.
Siku ya pili ndiyo mtihani: kilomita kama 22. Unapita Shiva-tsal, mita 5,330 hivi, ambapo mahujaji huacha nguo, nywele, hata kiatu kimoja, kama waliokwisha kufa. Pana rundo la makoti, soksi na vitambaa lililosambaa juu ya mawe, jipya juu ya lililooza. Halafu mteremko unakaza, mita kama 300 za kupanda, pumzi mbili kwa kila hatua. Pitoni kuna jiwe kubwa la Dolma limefunikwa bendera hadi halionekani. Kaa dakika kumi, sala fupi, shuka. Hali ya hewa huchafuka mchana na mvua ya mawe haina taarifa.
Chini kidogo upande wa pili kuna Gaurikund, kidimbwi cha kijani ambacho Wahindu huamini Parvati, mke wa mungu Shiva, alioga. Kiko mbali chini ya njia, mawe yanateleza. Anayetaka maji yake ampe kijana wa Kitibeti kidumu. Ukishuka mwenyewe utapanda tena kwenye 5,600, na hiyo huwa safari ya pili ambayo hukuipangia.
Kutoka hapo ni ngazi za miamba hadi bonde la Lham Chu, magoti yanalia, halafu tambarare isiyoisha hadi Zutulpuk. Siku ya tatu ni kilomita chache, na kabla ya Darchen gari linawasubiri.

#14 Mchongo wa Viza
Kwa nini mtu asikodi farasi tu akamaliza?

#15 Fimbo Mbili
Farasi hukodiwa Darchen kupitia ushirika wa wenyeji, pesa taslimu yuan, kwa siku zote tatu hata ukimtumia moja. Wafugaji hupangwa kwa kura, hivyo huchagui farasi wala mwenye farasi. Na hashuki na mtu mgongoni upande wa pili wa Dolma La, ni mwinuko mkali. Kwa hiyo aliyekaa mgongoni asubuhi nzima, miguu imeganda, anashushwa mahali pabaya kuliko pote na kuambiwa atembee. Wengi huvunjikia pale.
Anayemtaka amwombe mwanzoni mwa siku ya kwanza. Ukifika Dirapuk ukaanza kutafuta, mara nyingi hakuna.

#16 Mlango wa Saba
Wakuu mnaongea miguu, mlima wenyewe hamuugusi. Kailash, mita 6,714, haujawahi kupandwa. Kila anayejaribu anazeeka ghafla, kucha na nywele za wiki mbili zinaota kwa saa 12. Kuna daktari wa Urusi alisema ni piramidi iliyojengwa. Labda ndiyo maana watu wanakwama, mlima unawakataa.

#17 daktari_mtaa_wa_pili
Huyo ni Ernst Muldashev, daktari wa macho, alienda 1999. Hakuna kipimo chochote kinachoonyesha mlima umejengwa. Ni tabaka za mwamba wa kokoto zilizolala karibu mlalo, ndiyo maana unaonekana kama ngazi. Kucha za saa 12 hazina hata mtu mmoja aliyezipima. Na 6,714 ni ya ramani za zamani za futi 22,028, siku hizi unakuta 6,638.

#18 Nyundo ya Baridi
Hajaupanda mtu anayejulikana kwa sababu ni mwiko, na serikali ya China hairuhusu. Reinhold Messner, yule mpanda milima maarufu, alipata nafasi miaka ya 1980 akaikataa. 2001 ilisikika kuna Wahispania wamepewa kibali, kelele zikapigwa dunia nzima na China ikasema hakuna atakayepanda. Siyo kwamba hapapandiki.

#19 Mlango wa Saba
Na Milarepa, yule mtawa wa Kibudha wa Tibet, je? Alifika juu akiwa juu ya mwale wa jua!

#20 Jirani wa Parklands
Kwa Wabudha alifika, ndiyo. Alishindana na Naro Bönchung wa dini ya Bön, aliyekuwa anapaa juu ya ngoma, na alama ya wima kwenye uso wa kusini inasemwa ni pale ngoma ilipoporomoka. Kwa Wahindu juu pale anakaa Shiva, kwa Wajaini ndiko Rishabha, mwalimu wao wa kwanza, alikopata ukombozi. Dini nne na hakuna anayetaka buti kileleni.

#21 Ziwa Lipi
Naulizia ziwa. Nasikia Manasarovar ni maji matamu na Rakshastal jirani yake ni ya chumvi, na mito minne mikubwa inatoka Manasarovar. Kwa nini maziwa mawili yaliyopakana yawe tofauti?

#22 Fimbo Mbili
Mito kwanza: Indus, Sutlej, Brahmaputra na Karnali huanzia eneo lile, lakini haitoki ndani ya ziwa. Chumvi: Manasarovar lipo juu kidogo na hutoa maji kupitia mfereji wa Ganga Chhu kwenda Rakshastal. Rakshastal halina pa kutokea kwa kawaida, jua linakausha maji na chumvi inabaki. Hata hivyo ni chumvichumvi tu, si bahari.

#23 Jirani wa Parklands
Wenyeji wana lao: Manasarovar la duara ni jua, Rakshastal la mwezi mwandamo ni giza, na maji yakipita kwenye mfereji ni heri. Mfereji wenyewe mara nyingi hukauka, hivyo maelezo ya #22 hayawezi kutegemea mtiririko wa kila mwaka.

#24 Fimbo Mbili
Maji hupita chini ya ardhi pia. Chumvi haijali kama mfereji unaonekana.

#25 Mama wa Jiko la Kuni
Anayekwenda kuoga ajue kuzama ziwani siku hizi kumekatazwa. Maji huchotwa kwa ndoo na watu wakajimwagia pembeni. Ogeni mchana jua likiwa kali, si alfajiri. Mzee akijimwagia maji ya barafu alfajiri kwa upepo ule, usiku anatetemeka, kesho kikohozi, keshokutwa mnamlaumu Dolma La. Naiongeza kwenye sababu za #1.

#26 Nadharia Tupu
Kuna sababu hamjaitaja: latitudo. Hewa ya ikweta ni nene kuliko ya kaskazini kwa kimo kilekile. Kilimanjaro iko nyuzi 3 kusini, Kailash nyuzi 31 kaskazini. Kwa hiyo 5,630 ya kule si sawa na 5,630 ya hapa.

#27 daktari_mtaa_wa_pili
Kanuni ni kweli, mahali si pake. Tofauti hiyo ni kubwa kwa milima kama Denali ya Alaska, na wakati wa baridi. Kwa nyuzi 31, Juni hadi Septemba, ni ndogo mno.

#28 Nadharia Tupu
Na Aprili, Mei, Oktoba?

#29 daktari_mtaa_wa_pili
Kubwa kidogo. Bado hailifikii basi la #4.

#30 Mgumu Mstaafu
Mwaka huu 2026 ni wa Farasi kwenye kalenda ya Kitibeti, foleni itakuwa balaa. Wanaamini kora (mzunguko wa mlima) moja mwaka wa Farasi ni sawa na 13.

#31 Mlango wa Saba
Ni 12, mkuu.

#32 Jirani wa Parklands
Utasikia zote mbili. Wengine husema ni kwa sababu Buddha alizaliwa mwaka wa Farasi, wengine hutoa sababu nyingine kabisa. Sikukuu ya Saga Dawa, wanapobadilisha mlingoti wa Tarboche, inaangukia mwisho wa Mei, na vitanda Darchen hujaa. Watibeti wengi humaliza mzunguko wote kwa siku moja, hivyo msishangae bibi akiwapita Dirapuk na mtoto mgongoni. Mkikutana na watu wanaokuja kinyume na saa msiwaambie wamepotea, ni wa Bön.

#33 Nyundo ya Baridi
Kuhusu saa: kule wanatumia saa za Beijing. Juni jua hutoka karibu saa moja na nusu asubuhi na adhuhuri ya kweli ni kama saa nane na nusu. Muongozaji akisema tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi Dirapuk, ni giza totoro, taa ya kichwani iwe na betri mpya. Na ukitoka Nepal unasogeza saa mbele kwa saa mbili na dakika 15, wanaosahau hukuta basi limewasha injini.

#34 Mwana wa Mawenzi
Shukrani wakuu. Nimebaki na ratiba ya #4, usingizi wa #3, wazee wa #6, maharage na ndoo. Kipi kinaongoza?

#35 Mgumu Mstaafu
Usingizi.

#36 Jirani wa Parklands
Ratiba. Usingizi ni mtoto wa ratiba.

#37 Nyundo ya Baridi
Mpe kijana wa miaka 25 ratiba yako mbovu uone kama hatapita. Umri.

#38 daktari_mtaa_wa_pili
Kijana naye huugua, tena wengi wao kwa sababu wanakimbia siku ya kwanza. Umri peke yake haumkingi mtu na haumwangushi.

#39 Mchongo wa Viza
Samahani kurudisha nyuma. Njia ya Kerung ipo? Nilisikia daraja limekwenda na maji.

#40 Jirani wa Parklands
Daraja la Rasuwagadhi lilisombwa na mafuriko tarehe 8 Julai 2025. Kabla ya kulipa amana, uliza kampuni kwa maandishi: tunavuka mpaka upi, barabara ya upande wa Nepal ikifungwa tunapitia wapi, na nauli ya tofauti ni ya nani. Wakijibu "usijali", tafuta kampuni nyingine.